UNGA UHALALISHWE? Mjadala unaoanzia bahari ya Kilwa na kuishia chumbani kwako

Kuna wanaosema vita imeshindikana, bora dawa za kulevya ziruhusiwe tujue moja. Kuna wanaosema hata kuzungumza hivyo ni laana. Katikati yao amekaa mke, mama na mchumba ambaye hajaulizwa na mtu.

Hebu tuambiane ukweli. Neno "kuhalalisha" likitajwa barazani, iwe Kilwa Masoko, Lindi mjini au Kariakoo, watu wanagawanyika hapo hapo. Kijana mmoja atasema mbona bia inauzwa na watu wanakufa kwa bia? Mzee atamjibu kwamba kilevi ni kilevi, haramu haina mjadala. Mwingine ataingiza Ulaya, eti kule watu wanavuta mbele ya polisi. Dakika kumi baadaye kila mtu anapiga kelele na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Tatizo ni kwamba wengi tunabishana bila kujua tunabishania nini. Bangi, mirungi, gongo na heroini tunavitia kapu moja, kisha tunauliza swali moja: viruhusiwe au visiruhusiwe? Mwezi huu tumeamua kulifungua hilo kapu. Tumeanzia kusini, pwani ya Lindi, kwa sababu huko unga si habari ya kwenye sinema.

KILWA INAINGIAJE HAPA?

Ukiitazama ramani utaelewa. Kutoka delta ya Rufiji kushuka Somanga, Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko, Mchinga mpaka Lindi, pwani imejaa mikoko, vijito, visiwa na fukwe ambazo usiku hazina hata taa. Kwa mvuvi ni riziki hiyo. Kwa msafirishaji wa unga ni mlango usio na kitasa.

Heroini inayopita kwetu asili yake ni Afghanistan. Hutoka kwenye pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ikapakiwa kwenye majahazi yenye injini na kushushwa bahari ya Hindi mpaka Afrika Mashariki. Wanaofuatilia biashara hiyo wanaiita njia ya kusini. Kusi likichachamaa katikati ya mwaka, safari hupungua. Bahari ikitulia, majahazi yanarudi. Mara nyingi jahazi kubwa hata nchi kavu haligusi. Husimama mbali, boti ndogo zikaenda kupokea mzigo.

Januari 2012 polisi walikamata kilo 210 za heroini Mchinga, mkoani Lindi. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la kushtua nchi nzima. Kesi hiyo ndiyo iliyolivuta jina la Ali Khatib Haji, maarufu kama Shkuba, aliyekamatwa mwaka 2014. Mwaka 2016 Marekani ilimtangaza kuwa kinara wa dawa za kulevya, na mwaka 2017 akapelekwa huko kujibu mashtaka. Halafu Aprili 2021, kwenye bahari ya Kilwa, vyombo vya ulinzi vilikamata chombo chenye zaidi ya kilo 850 za heroini na methamfetamini kikiwa na raia saba wa kigeni. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, ikakamata kilo 3,182 katika operesheni ya Dar es Salaam na Iringa.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala, na magofu ya msikiti na makasri ya Kisiwani mpaka leo yanaonyesha utajiri huo ulivyotumika. Biashara hii ya sasa inapita kwenye maji yale yale na haijengi hata choo cha shule. Mzigo mkubwa unaelekea Afrika Kusini na Ulaya, faida inakaa kwa wakubwa. Kinachobaki pwani ni vipande. Mbebaji analipwa sehemu ya ujira wake kwa unga wenyewe, naye anaugawa kwenye kete na kuuza kijiweni. Mnunuzi wa kete hizo ni kijana wa mtaani kwako.

MANENO MATATU TUNAYOYACHANGANYA

Kabla hujasema ndiyo au hapana, shika haya matatu.

La kwanza ni KUHALALISHA. Hapa kitu kinalimwa au kinatengenezwa, kinauzwa dukani, kinalipiwa kodi. Uruguay ilifanya hivyo kwa bangi mwaka 2013, Canada mwaka 2018. Hakuna nchi hata moja iliyoiweka heroini dukani namna hiyo.

La pili ni KUONDOA JINAI KWA MTUMIAJI. Kitu kinabaki haramu, muuzaji anaendelea kufungwa, ila mtu aliyekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe hapelekwi jela. Ureno ilianza hivyo mwaka 2001. Ukikamatwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku kumi, unapelekwa mbele ya kamati yenye watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, wanakuuliza shida yako nini na wanakuelekeza kwenye tiba.

La tatu ni KURUHUSU KWA DAWA AU BIASHARA YA NJE. Lesotho ilianza kutoa leseni za kulima bangi ya dawa mwaka 2017. Malawi ikapitisha sheria yake mwaka 2020, na Rwanda mwaka 2021 ikaruhusu kilimo kwa ajili ya kuuza nje huku kuvuta mtaani kukibaki kosa. Hata kwetu, wapo wabunge waliowahi kusimama Dodoma wakiomba bangi ifikiriwe kama zao la biashara.

Umeona tofauti? Mtu anaweza kuikubali ya tatu, akaitafakari ya pili na kuikataa kabisa ya kwanza. Wala hajipingi.

WANAOSEMA "RUHUSUNI"

Hoja zao si za kipuuzi, tusiwabeze.

Wanasema, kwanza, marufuku ndiyo inayompa mfanyabiashara wa unga utajiri. Kitu kikiwa haramu bei inapanda, na anayepata bei hiyo ni yule asiyeogopa bunduki wala jela. Pili, marufuku huwakamata wadogo. Jela inajaa vijana wa kete mbili tatu wakati mwenye jahazi hajulikani hata sura. Tatu, sheria zenyewe zinapishana. Chukua mirungi. Namanga ukiwa upande wa Kenya ni zao la biashara linalolisha familia za Meru. Ukivuka hatua chache ukaingia Tanzania, fungu lile lile ni dawa ya kulevya na unashtakiwa. Uingereza nayo iliiacha iuzwe kwa miaka mingi, halafu ikaipiga marufuku mwaka 2014. Mmea ni ule ule, ila kila serikali imeamua lake.

Afrika Kusini nako, mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ilisema mtu mzima kuvuta bangi faraghani kwake si jambo la polisi, na mwaka 2024 ikapatikana sheria ya kuweka hilo sawa.

Kwetu Tanzania mkono wa sheria ni mzito. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyokazwa zaidi mwaka 2017, inamfikisha msafirishaji wa mzigo mkubwa kwenye kifungo cha maisha. Watetezi wa mabadiliko wanauliza: pamoja na ukali wote huo, mbona majahazi hayajaacha kuja?

WANAOSEMA "THUBUTU!"

Nao wana lao, tena zito.

Hoja yao ya kwanza haitaki utafiti: angalia pombe. Ni halali, inalipa kodi, lakini ndiyo inayovunja nyumba nyingi kuliko kilevi kingine chochote. Uhalali hauondoi maumivu, unaweza hata kuyasambaza.

Hoja ya pili inatoka kwa jirani. Mwaka 2010 Kenya iliihalalisha chang'aa, kwa nia kwamba ikitengenezwa kwa viwango na kuwekwa kwenye chupa yenye lebo, watu wataacha kunywa sumu. Mwaka 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyochanganywa na methanoli. Februari 2024, huko Kirinyaga, watu wengine 17 wakafa. Sheria ilibadilika kwenye karatasi, lakini mpikaji wa uchochoroni hakuhama uchochoroni. Anayeijua gongo ya mabibo ya Lindi na Mtwara ataelewa haraka. Kupata leseni ni gharama, na maskini ataendelea kununua cha bei rahisi.

Ya tatu ni Oregon, Marekani. Wapiga kura wa huko mwaka 2020 waliondoa jinai kwa anayekutwa na dawa kidogo, hata zile kali. Faini ilikuwa ndogo, huduma za tiba zikachelewa kufika, watu wakawa wanatumia barabarani mchana kweupe. Mwaka 2024 jimbo lilirudisha jinai. Somo lake liko wazi: ukiondoa polisi kabla ya kumleta nesi, umemtelekeza mgonjwa.

Halafu ipo dini. Pwani yetu, kwa Waislamu walio wengi, kilevi ni haramu. Hilo halitabadilishwa na Bunge lolote na wala halihitaji kubadilishwa. Ila hata hapa tutofautishe mambo: dhambi ni kati ya mja na Mola wake, kosa ni kati ya raia na mahakama, na ugonjwa ni kati ya mgonjwa na tabibu. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote vitatu kwa pamoja. Swali la sheria ni kipi tukishughulikie kwanza ili apone.

SASA TUINGIE NDANI YA NYUMBA

Mjadala wa kuhalalisha unapendwa na wanaume barazani. Gharama yake inalipwa na wanawake jikoni.

Tuseme wewe ni binti wa Kilwa Kivinje. Posa imekuja, kijana wa familia inayoheshimika, mama yake mpole, mahari haina maneno. Kinachofichwa ni kimoja tu: kijana anavuta kokteli, ule msokoto wa bangi uliochanganywa na unga. Nyumbani kwao wanajua. Wamekaa kikao, wamekubaliana: "Mwozesheni, akipata majukumu atatulia."

Msomaji, hili ni miongoni mwa maamuzi ya kikatili tunayofanya kwa nia njema. Ndoa si dawa ya uraibu. Heroini haijui kama umeoa. Saa chache baada ya kete ya mwisho mwili unaanza kudai: mafua, jasho, tumbo, maumivu ya mifupa, kukosa usingizi. Hiyo ndiyo arosto, na siku ya pili na ya tatu ndiyo balaa kamili. Mtu aliye kwenye arosto hamuoni mke, anaona kitu cha kuuza. Kitaanza kitenge, itafuata simu, mwisho mashine ya boti ya baba mkwe.

Na bibi harusi wetu je? Somo wake alimfunda kila kitu, namna ya kuongea na mume, namna ya kupokea wageni, na mambo ya chumbani. Kuhusu unga hakuambiwa neno. Hajui kwa nini mume anasinzia akiwa anaongea, kwa nini mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, kwa nini hamu ya tendo imekufa miezi miwili baada ya harusi. Anadhani kasoro ni yake. Anaanza kutafuta kitulizo kwa waganga wakati tatizo liko mfukoni mwa shati la mumewe.

Kama mume ameshafikia kujidunga, hatari inakuwa ya wawili. Makadirio ambayo serikali imeyatumia kwa miaka kadhaa ni kwamba katika kila Watanzania 100 wanaojidunga, wapatao 35 wana virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta kwa watu wazima wote ni kama 4 katika 100. Sindano moja ikizunguka kijiweni usiku, kesho yake inaweza kuwa imeingia kwenye ndoa tatu.

Sasa jiulize. Mke huyu akijua, atakwenda wapi? Akienda polisi, mume anafungwa na watoto wanakosa hata ile riziki kidogo. Akienda ukweni, anaambiwa ana mdomo. Akienda kwao, anaambiwa avumilie. Kwa hiyo ananyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hapa nani amemlazimisha kuficha? Hofu ya pingu na aibu ya mtaa, vyote viwili.

KITU AMBACHO TAYARI TUNACHO

Wanaobishana juu ya kuhalalisha mara nyingi wanasahau kwamba Tanzania ilishachukua hatua ya kishujaa bila kuhalalisha chochote. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni bure kwa waraibu wa heroini, mwanzo kabisa kwa Tanzania Bara. Baadaye zikafuata Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine. Zanzibar ilianza mwaka 2015. Kwa hesabu za DCEA, waliofikiwa na huduma hii ni zaidi ya watu 15,000.

Methadoni ni dawa ya kunywa, mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu. Inazuia arosto kwa karibu saa 24 bila kumpa mtu ile "stimu". Anaamka, anakunywa dozi, anakwenda kazini. Haimponyi kwa wiki moja. Wengine huitumia kwa miaka. Lakini mtu ambaye hatafuti pesa ya kete kila baada ya saa chache anapata nafasi ya kuwa baba tena. Wapenzi wa Bongo Fleva wanakumbuka mwaka 2012 mwanamuziki Ray C alivyojitokeza hadharani kuhusu hali yake na kusaidiwa na Rais Kikwete kupata matibabu. Mwanamke, tena staa, kusema mbele ya taifa "naumwa" kulifungua midomo ya wengi.

Ila iangalie hiyo "kila siku" kwa macho ya mtu wa Kilwa. Kutoka Masoko hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 300. Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe Rufiji mwaka 2003 safari imekuwa rahisi, lakini hakuna mvuvi anayeweza kupanda basi kila asubuhi kwenda kunywa dozi na kurudi kutega nyavu. Dawa ya kila siku inataka kliniki ya karibu. Pwani inayopitisha unga kwa kilo ilitakiwa iwe ya kwanza kufikiriwa kwa tiba, kwa ukaribu unaopimwa kwa miguu.

MSIMAMO WETU

Gazeti hili haliogopi kusema. Unga usihalalishwe. Heroini dukani ni wazimu, na anayeleta kilo 800 kwenye bahari ya Kilwa akutane na sheria mpaka mwisho. Hata Uswisi, inayowapa waraibu sugu heroini ya hospitali tangu mwaka 1994, inafanya hivyo kliniki, chini ya daktari, na si sokoni.

Bangi ya dawa na ya kuuza nje? Wataalamu waijadili kwa hesabu na si kwa jazba. Kama mkulima mdogo hatafaidika na leseni zitaishia kwa matajiri watatu, basi tusidanganyane kwamba ni ukombozi.

Lakini teja mwenye kete moja mfukoni? Huyo tunasema asiende jela, apelekwe kwenye tiba. Sheria yetu yenyewe ina mlango wa mahakama kumpeleka mraibu kwenye matibabu. Mlango huo ufunguliwe mpana, uwe kawaida na usiwe bahati. Kumfunga mgonjwa miezi sita halafu kumrudisha kijiweni kunaweza kumuua. Mwili ukikaa bila unga unapoteza uzoefu, na akirudia kipimo chake cha zamani siku ya kwanza anaweza kuzima pale pale. Tena mke wake akijua kwamba kusema si sawa na kumfunga mumewe, atasema mapema. Na mapema ndiyo tiba inapofanya kazi.

UKIGUNDUA MWENZIO ANATUMIA

• Usimfumanie akiwa amelewa wala akiwa kwenye arosto. Subiri ametulia, ongea naye faragha, taja ulichokiona na si ulichokisikia.

• Usilipe deni lake la kijiweni na usimpe pesa taslimu. Kumpa chakula ni huruma, kumpa noti ni kumnunulia kete.

• Usimfungie ndani wala kumpiga minyororo. Apelekwe kituo cha afya, waelekeze tiba iliyo karibu.

• Pima VVU, wewe na yeye. Mpaka majibu yatoke, kondomu. Kwenye ndoa pia, ndiyo.

• Ficha vitu vya thamani na nyaraka za nyumba. Huo si unafiki, ni kulinda watoto.

• Akizimia, anakoroma vibaya au midomo inabadilika rangi, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Usimwagie maji wala kumnywesha maziwa. Waambie wahudumu ukweli alichotumia.

• Akikupiga au kutishia maisha yako, ondoka kwanza, mambo ya tiba yatafuata. Kumpenda mtu hakukulazimu kufa naye.

• Na wewe mchumba: uliza kabla ya mahari. Uliza marafiki zake, uliza anakoshinda. Mama mkwe mtarajiwa, nawe ukijua jambo, sema. Binti wa watu si hospitali.

Bunge litakaa, litajadili, wataalamu watapishana. Wakati wanapishana, usiku wa leo kuna boti inarudi Somanga na nyingine inatoka Mchinga, na nyumbani yuko mtu anasubiri kuona mwenzake ataingia na samaki au atarudi na macho yaliyolegea. Wewe msomaji ungekuwa ndiye unayesubiri, ungependa sheria imfanyie nini? Tuandikie. Maoni mazuri, hata yanayotupinga, tutayachapa toleo lijalo.